Kifurushi cha amplifaya ya TDA2030A: wati 18 za pakiti, wati 2 za betri ya Lamu

Kifurushi hiki ni kizuri na kinafaa kununuliwa, mradi mnunuzi ajue anachonunua. Kwa mamia ya shilingi, si maelfu, unapata mfuko wa plastiki wenye bodi ndogo, chipu moja ya TDA2030A yenye miguu mitano, rezista, kapasita, dayodi mbili na viunganishi vya skrubu. Jioni moja ya kulehemu inatosha, na ukikifunga vizuri kinatoa sauti safi yenye besi iliyoshiba. Lawama kubwa ni moja: maandishi ya "18W" juu ya pakiti. Wati hizo zipo kweli, ila zinahitaji volti ambazo nyumba ya Amu, yaani mji wa Lamu, inayotegemea betri ya sola haina.

Mtengenezaji wa chipu alizipima wati 18 kwa umeme wa pande mbili, volti 16 chanya na volti 16 hasi, yaani volti 32 toka mwisho hadi mwisho, kwenye spika ya omu 4. Betri yako ina 12. Chipu ikilishwa umeme wa upande mmoja, mguu wa kutolea sauti hukaa katikati, kwenye volti 6, na wimbi la sauti hupanda na kushuka kuanzia hapo. Haliwezi kugusa 12 juu wala 0 chini, kwa sababu transista za ndani hujibakizia kama volti moja na nusu kila upande. Kwa hiyo wimbi lina volti 4.5. Zidisha 4.5 kwa 4.5, kisha gawa kwa mara mbili ya omu za spika, yaani 8: unapata wati 2.5. Kwa spika ya omu 8 zinabaki 1.3 hivi. Muuzaji yeyote akikuambia bodi yake inatoa wati 18 kwa chipu hii moja na betri moja ya gari, mwonyeshe hesabu hiyo.

Lakini wati 2 zisidharauliwe. Sikio halihesabu wati kama duka linavyohesabu: ukiongeza nguvu mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 tu, na tofauti kati ya wati 2 na wati 18 haifiki desibeli 10. Spika yenyewe ndiyo inayoamua zaidi. Spika kubwa ya koni nyepesi, inayotoa desibeli 92 kwa wati moja ukiwa mita moja mbele yake, itasikika kwa wati 2 sawasawa na spika ndogo ya desibeli 82 au 83 inayolishwa 18. Pesa unayotaka kuiongeza kwenye bodi iweke kwenye spika. Na nyumba ya mawe ya Lamu, yenye vyumba virefu vyembamba na kuta za chokaa, huirudisha sauti badala ya kuimeza. Sebuleni, au barazani kwa watu watano sita wanaosikiliza taarabu, wati 2 kwenye spika nzuri ya inchi 8 zinajaza nafasi. Kwa uwanja, kwa arusi ya nje au umati wa Maulidi, hiki si kifaa chake.

Anayetaka zaidi atafute volti zaidi. Chaja ya zamani ya kompyuta ya mkononi yenye volti 19 ni chaguo zuri sana penye stima: inatoa karibu wati 7 kwa spika ya omu 4, nayo imeshafungwa ndani ya plastiki, hakuna haja ya kuchezea waya za volti 240. Betri mbili za volti 12 zikiunganishwa kwa mfuatano zinatoa wati 12 hivi; hesabu ya juu ingetoa zaidi kidogo, ila mkondo ukikua transista hujibakizia zaidi ya volti moja na nusu. Hapo pana mtego. Betri mbili zinapochajiwa na sola hufika volti 28 au 29. Chipu ya TDA2030A inavumilia hadi 44, lakini kapasita kubwa za vifurushi vingi zimeandikwa 25V. Ile inayokaa kwenye njia ya umeme itavimba, ipasuke, itoe maji yake kwenye bodi. Soma ubavuni kabla ya kuilehemu, na kwa betri mbili weka ya 35V au zaidi.

Kama betri ni moja na itabaki moja, kuna chipu nyingine inayofaa zaidi, nayo ni TDA2003. Ilibuniwa kwa redio za gari, inafanya kazi kati ya volti 8 na 18, na kwa volti 14.4 inatoa wati 6 kwenye omu 4. Kwa betri ya 12 tupu hukaribia wati 4. Miguu yake imepangwa kwa mtindo uleule, ila rezista na kapasita ni tofauti, kwa hiyo usiichomeke kwenye bodi ya TDA2030A ukitumaini bahati. TDA2030A bado inashinda kwa utulivu wa sauti na kwa nafasi ya kupanda volti baadaye. Zile bodi ndogo sana za PAM8403, zinazolingana na ukucha wa dole gumba, ni za volti 5 za USB; mwisho wake ni 5.5. Ukizipa 12 moja kwa moja zinakufa papo hapo.

Sasa mfuko wenyewe. Maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue jijini Nairobi huuza vifurushi hivi, na cha kuagiza hushuka kwa basi hadi Mokowe kisha huvushwa kwa boti. Ndiyo maana hesabu ya vipuri ifanywe siku unapopokea, kabla chuma cha kulehemu hakijapata moto. Rezista moja ikikosekana, kazi inasimama hadi mzigo mwingine uje. Agiza chipu mbili. Vifurushi hutofautiana kidogo, lakini saketi ya umeme wa upande mmoja ni ileile ya mtengenezaji: rezista tatu za 100k (k ni elfu ya omu), moja ya 150k, moja ya 4.7k na moja ya omu 1. Kapasita ya 2.2 maikrofaradi ya kuingizia sauti, 22 ya kutuliza volti ya katikati, nyingine ya 2.2 kwenye njia ya marejesho, 100 au 220 ya umeme, na moja kubwa ya 2200 kwenda kwenye spika; kapasita bapa ya 100 nanofaradi iliyoandikwa 104, na ya 220 nanofaradi iliyoandikwa 224; na dayodi mbili za 1N4001 au 1N4007. Ukikuta kapasita ya spika ni ya 470 badala ya 2200, ujue besi imeibwa: 2200 na spika ya omu 4 hupitisha sauti nzito hadi mawimbi 18 kwa sekunde, 1000 hukata kwenye 40, na 470 hukata kwenye 85, mahali ambapo ngoma ya chini bado ina mengi ya kusema.

Visivyomo mfukoni ni vitatu, na muuzaji havitaji: bati la alumini la kupoza chipu, fyuzi, na waya wenye ngao wa kuleta sauti. Kwa betri ya volti 12 chipu hutoa joto lisilozidi wati 2, na kipande cha alumini cha sentimita 4 kwa 5 kinatosha. Kwa volti 19 joto hufika wati 4.6, na kwa 24 hufika 7.3, hapo weka bati la milimita 3, sentimita 10 kwa 10, lisimamishwe wima ili hewa ipande. Mabaki ya fremu za madirisha ya alumini kwa fundi yanafaa sana. Paka grisi nyeupe ya joto kidogo, utando tu. Mgongo wa chuma wa chipu umeungana kwa ndani na mguu wa 3. Katika saketi hii mguu wa 3 ni hasi ya betri, basi bati likigusa hasi hakuna neno. Likigusa chanya ni moto.

Rezista ndizo zinazowaponza wengi, kwa sababu ya rangi. Zenye mistari minne: 100k ni kahawia, nyeusi, njano, 150k ni kahawia, kijani, njano, 4.7k ni njano, zambarau, nyekundu; omu 1 ni kahawia, nyeusi, dhahabu; mstari wa nne ni wa usahihi tu. Zile za buluu zenye mistari mitano husomeka vingine: 100k ni kahawia, nyeusi, nyeusi, machungwa, 150k ni kahawia, kijani, nyeusi, machungwa, 4.7k ni njano, zambarau, nyeusi, kahawia. Kwenye mwili wa buluu, kahawia na nyekundu hufanana usiku chini ya taa hafifu. Pima kila moja kwa mita ya umeme (multimita). Ni kazi ya dakika tano.

Sababu ya kusisitiza ni 150k na 4.7k. Hizo mbili ndizo zinazopanga ukuzaji: 150 gawa kwa 4.7, ongeza 1, unapata karibu mara 33. Chipu hii haitulii ikikuza chini ya mara 16 hivi. Ukizibadilishana nafasi, ukuzaji unashuka hadi mara 1 tu, chipu inaanza kutetemeka yenyewe kwa mawimbi ya juu ambayo sikio halisikii, inapata moto wa kuunguza kidole, na spika iko kimya. Fundi asiyejua atasema chipu ni mbovu, ataweka nyingine, nayo itapata moto vilevile. Ile omu 1 na kapasita ya 224 zina kazi ya kuzuia tetemeko hilohilo upande wa spika. Usiziruke kwa sababu tu amplifaya inaonekana kufanya kazi bila hizo.

Lehemu vilivyo vifupi kwanza: rezista, dayodi, kapasita bapa, kisha za mviringo, chipu mwisho. Mstari wa dayodi uelekee upande uliochorwa kwenye bodi. Zote mbili hukaa kinyume na mkondo, na ukizigeuza zote mbili umefunga betri kwa njia fupi (shoti); hata moja tu ikigeuzwa huielemea chipu. Kapasita za mviringo zina mstari wa hasi ubavuni, na mguu mrefu ni chanya. Chipu ifunge kwanza kwenye bati kwa skrubu, ikae sawa, ndipo ulehemu miguu. Ukilehemu kwanza kisha ukaze skrubu, miguu inavutwa na njia ya shaba inabanduka. Chuma cha wati 30 au 40 kinatosha, sekunde tatu kwa kila mguu. Waya wa risasi uwe ule wenye fluksi ndani. Ile asidi ya mafundi wa kulehemu mabati isiguse bodi hata tone; huendelea kula shaba miezi baada ya wewe kusahau.

Kabla ya kuwasha, unganisha taa ya pikipiki ya volti 12, wati 5, kwenye waya wa chanya, na spika usiifunge bado. Taa ikimeta kidogo kisha ikazimika, au isipoonekana kuwaka, hakuna njia fupi. Ikiendelea kuwaka, zima utafute kosa. Taa imekuokolea chipu. Kisha pima volti kati ya mguu wa 4 na hasi. Unatafuta nusu ya umeme unaotoka betri: kwa 12, chochote kati ya 5.5 na 6.5 ni sawa. Ukiona karibu 0 au karibu 12, angalia rezista tatu za 100k na risasi iliyoziba kati ya miguu. Ukiridhika, toa taa, weka fyuzi ya ampea 1 kwa betri moja, ampea 2 kwa volti 24, na ufunge spika. Mlio mmoja wa "tup" wakati wa kuwasha ni kapasita ya 2200 inajaa. Ni kawaida kwa saketi hii.

Simu iingizwe kwa uangalifu. Jeki ya milimita 3.5 ina njia mbili, kushoto na kulia, na bodi ina mlango mmoja. Usizifunge pamoja uchi, maana kila upande wa simu utakuwa unasukumana na mwenzake. Pitisha kila njia kwenye rezista yake ya 1k, ndipo ziungane. Kisha kumbuka kwamba kwa volti 12 amplifaya hufika mwisho wake kwa ingizo la kama volti 0.1 tu, na simu nyingi hutoa zaidi ya hapo mara kadhaa. Ndiyo sababu ya malalamiko kwamba sauti inapasuka hata potensiometa, yaani kitasa cha sauti, ikiwa robo. Badilisha 4.7k uweke 6.8k: ukuzaji unashuka hadi mara 23, bado juu ya kiwango cha usalama, na mvumo wa chini unapungua. Usiende hadi 10k, hapo unafika ukingoni kabisa.

Na hiyo potensiometa, vifurushi vingi hutia iliyoandikwa B50K. B maana yake inapanda kwa usawa, kwa hiyo sauti yote inaruka mwanzoni na nusu iliyobaki haifanyi kitu. A50K ndiyo sahihi. Kama huna, lehemu rezista ya 10k kati ya mguu wake wa katikati na hasi, itakaribia kabisa.

Kelele zina vyanzo vingi, lakini kwa nyumba za sola mkosaji huwa chaji kontrola, kile kifaa kati ya paneli na betri. Kontrola za bei nafuu hukata na kuunganisha mkondo wa paneli mara nyingi kwa sekunde, na mchana jua likiwa kali utasikia mlio kama wa nyuki unaotoweka magharibi. Kwanza, chukua umeme kwenye vichwa vya betri, usichukue kwenye mlango wa mizigo wa kontrola. Pili, ongeza kapasita ya 2200 karibu na bodi. Tatu, na hili huwachanganya hata wazoefu: kontrola nyingi za namna hii huunganisha chanya zote na kukata upande wa hasi. Simu ikiwa inachajiwa kwenye USB ya kontrola huku ikipiga muziki kwenye amplifaya iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri, hasi mbili haziko sawa, na tofauti yake yote huingia kwenye waya wa sauti. Chomoa chaja. Kelele ikiisha, umepata jibu.

Mvumo usiohusiana na jua huwa ni wa waya. Hasi ya spika, hasi ya betri na hasi ya jeki kila moja iende peke yake hadi sehemu moja kwenye bodi, kwenye hasi ya kapasita ya umeme. Ukiazima waya wa spika kurudisha na hasi ya jeki, mkondo mkubwa wa spika unapita njia moja na sauti changa. Spika nayo isiachwe wazi mezani. Mgongo wake hutoa sauti kinyume na ya mbele na besi zinauana. Ifunge kwenye kasha la mbao lililozibwa vizuri, hata la vipande vya mbao vilivyobaki karakanani.

La mwisho ni chumvi, na hili maelezo ya vifurushi hayaligusi kamwe. Hewa ya Lamu, hasa nyumba zinazotazama bahari toka ukuta wa pwani wa mji hadi kijiji cha Shela, hugeuza shaba kuwa kijani na skrubu za chuma kuwa unga wa kutu. Ukimaliza na kujaribu, sugua upande wa risasi kwa mswaki na spiriti hadi unato wa fluksi uishe, anika juani, kisha paka vanishi safi ya maji mepesi, tabaka mbili. Usipake potensiometa, jeki wala viunganishi vya skrubu. Tumia skrubu za shaba au chuma kisichoshika kutu. Matundu ya hewa ya kasha la amplifaya (si lile la spika) yawe chini na mgongoni, yasitazame dirisha la upande upepo unakotokea. Upepo wa kusi ukianza, fungua kasha hilo, kaza viunganishi vya spika na vya betri, na kama potensiometa inakwaruza, izungushe mwanzo hadi mwisho mara ishirini huku umeme umezimwa, ikikataa, ibadilishe.